Kahawa ya Kesho Asubuhi

Mwanangu Salma,

Barua njema huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Uko chumba cha pili, mikono na miguu imepakwa hina ya safari, wanawake wamekuzunguka, na sasa hivi shoga yako mmoja amesema neno lililowafanya wote waangue kicheko isipokuwa wewe. Najua hukucheka. Kicheko chako nakitambua hata katikati ya harusi nzima.

Mimi niko jikoni. Nimekalia mbuzi ya nazi, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha sufuria, na nimewaambia wenzangu naangalia mkate wa sinia usiungue. Uongo. Mkate umeshaiva tangu Magharibi, na umeiva vizuri kama kawaida yangu. Nimekuja kukuandikia wewe. Maadamu hina haijakauka, huwezi kunifuata, huwezi kunikatiza, wala huwezi kunisahihisha herufi. Tangu uingie darasa la kwanza hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupata nafasi ya kusema mpaka mwisho.

Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, katikati ya ile doti ya kanga nyekundu. Usome ukifika. Au usome ndegeni, ukiona shangazi yake mumeo Said amesinzia.

Sitakuandikia habari za chumvi na sukari. Kupika unajua, umefundishwa na mimi, na aliyefundishwa na mimi hana haja ya kwenda kubahatisha kwa watu. Kuvaa unajua. Kuswali unajua. Kunyamaza hujui, lakini hilo umelirithi, hata nikikulaumu najilaumu mwenyewe. Na Kiingereza unacho cha kuweza kuwauzia Wazungu wa Bofa mchanga wa pwani yao wenyewe wakashukuru. Nimewaambia hivyo majirani wote, wengine mara mbili, kwa hiyo usiniaibishe.

Nataka tuzungumze juu ya asubuhi ya leo.

Ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa, unanikunia nazi. Ukasema, "Mama, nina jambo, lakini usikasirike."

Nikakwambia, "Jambo linaloanza hivyo halina njia nyingine. Sema."

"Nataka kuzalia kule kule. Matrah."

Mwanangu, wewe unajua, na hata paka wa mtaa huu wanajua, kwamba mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Siku ya posa, mbele ya babako na wazee waliokuja, nililitoa sharti hilo kwa kinywa changu: mchukueni, nendeni naye huko Matrah, Maskati, mkapendezwe, lakini kifungua mimba chake nitampokea mimi, na arubaini atakaa kwangu. Said akasema, "Mama, kwako wewe hata wa pili." Nikampenda kuanzia hapo. Mkaoana, akakaa nawe wiki chache, akarudi kazini, na kumbe tayari alikuwa ameacha amana tumboni mwako. Sasa Bi Zuwena, shangazi yake, amekuja kukuchukua, na juzi tukiwa tunakula akaleta maneno laini kama tambi.

"Mama Salma, hospitali zetu siku hizi ni za kiyoyozi. Mtoto hatoki jasho."

"Na mama mtu naye atakandwa na kiyoyozi?"

"Wakandaji wapo."

"Wapo, Bi Zuwena. Hata huku kuna watu wanaopika pilau. Lakini wewe mbona unakula kwangu?"

Alicheka, na mimi nikajiona nimeshinda. Nilidhani nagombana na yeye. Sikujua kwamba wewe, uliyekuwa umeinamia sahani yako, ulikuwa upande wake.

Kwa hiyo leo asubuhi uliposema, nilikuuliza ni nani aliyekutia maneno hayo. Ukanijibu, "Hakuna, Mama. Nikija kuzaa huku, kule nitakuwa mgeni mpaka nizeeke. Watasema huyu hata uchungu alikwenda kuumia kwao."

Na mimi nikasema nililosema. "Basi na arubaini ukakandwe na shangazi yake!" Nikachukua ungo nikatoka uani. Nyuma yangu nikasikia mbuzi inaendelea kukuna, kru, kru, kru, mpaka sauti ikabadilika. Nazi ilikuwa imekwisha, ukawa wakuna kifuu. Nilisimama uani nikiisikia sauti ile, na sikurudi. Tangu hapo tumekuwa tukizungumza kama watu wa kituo cha basi: lete maji, shika hiki, sanduku limefungwa?

Sikutaka uondoke na sauti ile. Ndiyo maana naandika.

Nitakuhadithia kitu unachodhani unakijua. Kipande chake kimoja wanakijua watu wote, kwa sababu wajomba zako hukisimulia kila Idi ili kunicheka. Kipande cha pili sijakwambia.

Kutoka Tezo hadi Malindi ni safari ya asubuhi moja. Mimi, Kadzo binti wa wakulima, mwenye madarasa manne ya shule ya misheni, nilipoolewa na babako na nikaslimu na nikaitwa Khadija, nilipanda basi pale Tezo nikashukia Malindi, lakini kwa kweli nilishukia Uarabuni. Ukoo wa babako ni Washihiri, watu wa duka, watu waliokuja na biashara tangu babu zao: tende, nguo, kahawa, na papa mkavu anayenuka mpaka kwenye mito ya kulalia. Mbele duka, nyuma nyumba. Hesabu kwa Kiarabu, mzaha kwa Kiswahili, na mimi nimesimama katikati na Kigiriama changu, sijui niweke wapi mikono.

Mavyaa wangu, Bibi Fatma, nyanya yako mzaa babako, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa macho tu. Ukichambua mchele alikutazama, ukifunga mlango alikutazama. Wiki ile ile niliyoingia, akaja mgeni mkubwa. Mzee Nassor wa Maskati, aliyemletea baba mkwe tende kila msimu. Bibi Fatma akanipa dele la kahawa na finjani, akasema, "Nenda ukamnyweshe mgeni, wakuone mikono."

Mwanangu, nilifurahi! Hili nalijua, nikasema. Kwetu Tezo mgeni hapewi kikombe chenye nafasi. Hawe, nyanya yako mzaa mimi, akikumiminia uji, uji hutetemeka ukingoni, na ukinywa lazima uinamie kwanza kama ng'ombe kwenye hori. Nafasi iliyobaki kikombeni ni uchoyo wa mwenye nyumba, kila mtu anauona. Kwa hiyo nikaingia, nikapiga goti, nikaijaza ile finjani mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo. Halikumwagika hata tone. Nikajisifu moyoni. Unajua ninavyojisifu.

Mzee Nassor akaitazama finjani. Akamtazama baba mkwe. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, moto vile vile, macho yakamtoka. Akaiweka chini, akaaga, "Fi amanillah," akavaa makubadhi yake akatoka.

Baba mkwe akamkimbilia barabarani na kiatu kimoja.

Bibi Fatma akanivuta mpaka jikoni. "Umemwambia mgeni aende zake!"

"Mimi? Sijafungua mdomo!"

"Finjani imesema! Finjani humiminwa kidogo, chini chini tu, akinywa unaongeza, akinywa unaongeza, mpaka mwenyewe aitikise aseme basi. Ukimjazia umemwambia: kunywa hii, ndiyo ya mwisho, njia unaijua."

"Lakini mama, kwetu mgeni akipewa kikombe kisichojaa hujua wenyewe wangoja aondoke."

"Na kwetu akipewa kilichojaa hujua hivyo hivyo!"

Tukabaki tunatazamana. Nakumbuka kope zake zilivyokuwa zikipepesa. Sasa hivi nikikumbuka nadhani alitaka kucheka, lakini alikuwa mavyaa, na mavyaa hachekelei wiki ya kwanza.

Hapa ndipo wajomba zako hupigiana makofi. Kisha humalizia kwa kukwambia kwamba kesho yake Mzee Nassor alirudi, baada ya kuelezwa bibi harusi ametoka wapi, akaketi pale pale, akaita kwa sauti mpaka dukani wakasikia, "Yuko wapi mtoto wa Tezo? Aje anijazie. Leo nataka kunywa Kigiriama." Na kila msimu aliokuja, Mungu amrehemu, aliiomba hiyo. Finjani moja ya Tezo kwanza, iliyojaa, kisha zile ndogo za kwao. Ndiyo sababu mjukuu wake alipoleta posa, Bi Zuwena alisema mbele ya wote, "Kumbe huyu ni binti wa yule aliyemfukuza babangu! Basi twamtaka, tulipize." Nikajibu, "Mchukueni, lakini jua huyu mikono yake ni mizito kama yangu." Na leo hakuna Malindi nzima mtu anayemimina kahawa kunishinda, si Mshihiri, si Mmanga, hata wakija watu wa Sabaki na madele yao ya urithi. Hilo si kujisifu, ni habari tu.

Lakini wasilosimulia wajomba ni mwezi uliofuata. Mwezi mzima sikutoka mbele ya mgeni mwingine. Mzee Nassor aliporudi kesho ile na mzaha wake, nikamjazia, nikacheka na wengine, kisha nikarudi jikoni nikajificha humu. Nilijiambia siku nitakayotoka nitakuwa nimekuwa wao kabisa, hawatapata pa kunishika. Nikaacha kusema Kigiriama hata na muuza mboga za mnavu aliyepita mlangoni. Nikatembea kama Bibi Fatma, nikakohoa kama Bibi Fatma. Nikachoka, mwanangu. Usiige kikohozi cha mtu. Ukikosea, na utakosea, kosea mbele yao, uulize papo hapo, ucheke wewe kwanza kabla yao. Mimi nilipoteza mwezi. Wewe ni mwepesi, labda utapoteza wiki.

Said amekueleza mtaa wao wa Matrah. Wafanyabiashara tangu zamani, Mbaniani huyu, Mbulushi yule, na Waswahili wenu waliorejea na vitabu vyao na kanga zao, ambao huko huitwa Wazanzibari wote, hata aliyezaliwa Malindi. Nawe utaitwa Mzanzibari, na Unguja hujaiona hata kwenye picha. Itikia. Lakini mtoto wako akiuliza, mwambie na Tezo.

Sasa kipande cha pili.

Mimba ya kwanza niliyobeba ni wewe. Ilipokuwa kubwa, Hawe akatuma mtu kutoka Tezo: mwambieni Kadzo aje, nimeshapiga udongo chumba. Na mimi nikamrudisha yule mtu na jibu. Nilisema sitakuja. Nilisema nikienda kuzaa kwetu, hawa watanihesabu mpita njia. Si maneno yako ya leo asubuhi, Salma, lakini ni ndugu yao, wa tumbo moja. Tazama jinsi nilivyosahau! Niliyasema mimi, na uliponirudishia nikayaona mageni.

Watu wote wa nyumba hii walingoja ghadhabu ya Hawe. Bibi Fatma mwenyewe alisema, "Mamako atanilaani." Zikapita siku. Kisha asubuhi moja tukasikia kuku analia mlangoni, na nyuma ya kuku alikuwa Hawe, amefunga tita la mnavu kwa kamba ya mgomba, na kifurushi cha nguo kichwani. Hakuuliza kwa nini sikwenda. Alisema, "Maji ya moto yako wapi?" Basi. Akaingia jikoni kwa Washihiri kama aliyezaliwa humo.

Ukazaliwa chumba kile kile unachopakwa hina sasa hivi. Na wale mabibi wawili wakaanza vita vya maji. Hawe aliyataka ya kuunguza, Bibi Fatma aliyataka ya vuguvugu yenye majani.

"Mama Kadzo, hayo ni maji ya kunyonyolea kuku."

"Tia mkono, Bibi. Tia mkono uone kama utanyonyoka."

Bibi Fatma akatia mkono. Akapiga ukelele. Na mimi niliyekuwa nangoja kukandwa nikapiga ukelele kabla sijaguswa. Siku ya tatu walikuwa wakila sahani moja, mmoja na Kiswahili cha soko la Kilifi, mwingine na Kiswahili cha mjini, na nikasikia wakicheka mpaka wanakohoa. Nikatega sikio. Walikuwa wakinisema mimi. "Ana maringo huyu." "Tangu mdogo, Bibi, tangu mdogo." Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Hawe hakuniambia "ukakandwe na mavyaa wako." Angeweza, maana mimi nilikuwa asubuhi moja tu ya basi, sina udhuru, na wewe unakwenda ng'ambo ya bahari. Alifunga mnavu wake akaja. Na mimi, mwanawe, niliyesoma gumbaru, shule ya watu wazima, nikawa wa kwanza darasa zima, niliyeambiwa na mwalimu kwamba hati yangu ni ya karani wa kadhi, nimeshindwa kufanya alichokifanya yule mama asiyejua kushika kalamu. Samahani, mwanangu. Neno lile la asubuhi lifute.

Kazalie Matrah. Sharti langu la posa nimelirudisha mwenyewe.

Na mimi nitakuja.

Usicheke, babako ameshacheka. Nilimwambia alasiri kwamba nataka kupiga picha ya pasipoti. Akaweka chini kikombe cha chai. "Wewe? Wewe ambaye kwenye kivuko cha Kilifi unafumba macho mpaka ng'ambo, na ng'ambo unaiona?" Nikamjibu ndegeni nitafumba vile vile, anayetakiwa kufumbua ni rubani. Kisha akasema, "Basi nitakutafutia koti. Wanasema humo ndani kuna baridi." Unajua babako. Huo ndio wimbo wake wa mapenzi.

Nikamwambia na Bi Zuwena. Nikasema, "Arubaini yote nitakuwa kwako, tayarisha sufuria kubwa." Akasema, "Karibu, karibu sana, lakini Mama Salma, jikoni kwetu pana mpishi, Mhindi." Nikamwambia, "Mpeni likizo." Akanishika mkono akanivuta kwake, na nikahisi mkono wake, maana nilikuwa sijaupima. Mzito, mkavu, wenye nguvu. Mkono mwema. Nakuandikia hili makusudi, kwa sababu makaratasi ya serikali hayana haraka kama mimba. Ikiwa siku yako itafika na mimi bado nimesimama kwenye foleni ya watu, usiukaze mwili. Mpe Bi Zuwena mgongo wako kama ungenipa mimi, na akikuuliza maji yawe vipi, mwambie yawe ya moto. Mwambie ndivyo mnavyofanya kwenu. Akipiga ukelele, mko sawa.

Wameanza kuimba huko chumbani, na mwimbaji anakosea. Nitakuja kumsahihisha. Lakini kwanza la kesho. Kwa sababu yake barua hii siitii tena sandukuni; nitaiweka chini ya mto wako, uisome usiku huu.

Kesho asubuhi kabla ya gari la Mombasa, Hawe atakuwa hapa, amekwisha kutuma neno kwamba atapanda basi la kwanza pale Tezo. Atakumiminia kahawa. Namjua, ataijaza mpaka isimame ukingoni, na mkono wake siku hizi hutetemeka, kwa hiyo itakumwagikia kidogo kwenye hina. Usiipanguse. Inywe yote. Yeye hana njia nyingine ya kukwambia.

Kisha nitakuja mimi na dele langu, mbele ya watu wote, mbele ya Bi Zuwena. Nitakumiminia kidogo tu, chini chini ya finjani, na watu wa Tezo watanionea haya kwamba namfanyia uchoyo mtoto anayesafiri. Ukinywa nitaongeza kidogo. Ukinywa nitaongeza. Gari litapiga honi. Babako atasema tunachelewa.

Usiitikise finjani, Salma. Inuka nayo, unirudishie ikiwa na tone chini, uende. Tutaendelea nikifika.

Mamako akupendaye na anayejua kupika,
Khadija Kadzo